Ulimi, Pua na Bei ya Mvinyo

Watu wengi hudhani kwamba mvinyo wa Ufaransa wenye bei kubwa ndio ulio bora. Dhana hiyo yafaa ipimwe.

Ulimi hutambua ladha chache tu: utamu, uchachu, chumvi, uchungu, na ile ladha ya mchuzi wa nyama. Ukavu unaosikika kinywani, mfano wa ule wa bibo, huletwa na tanini itokayo katika maganda na kokwa za zabibu. Sehemu kubwa ya mengine tuyaitayo ladha ni harufu, ipandayo kutoka kinywani hadi puani. Ziba pua unapokunywa maji ya matunda, nawe utaona jinsi ladha inavyofifia.

Lakini pua nayo hudanganywa na macho. Mwaka 2001 watafiti wa Bordeaux walitangaza jaribio ambamo wanafunzi 54 wa elimu ya mvinyo walipewa mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu. Waliueleza kwa maneno ya mvinyo mwekundu.

Ikiwa rangi yaweza kuwapotosha wenye mafunzo, bei je? Basi mnunuzi mwenye fedha kidogo na amwombe mwenzake azifunike chupa kadhaa na kuzipa namba. Aonje kila moja, aandike maoni yake, ndipo zifunuliwe. Majina ya asili, yanayolindwa nchini Ufaransa kwa utaratibu uliowekwa mwaka 1935, huthibitisha mahali mvinyo ulikotoka na jinsi ulivyotengenezwa. Hayathibitishi kwamba utampendeza mnywaji.