Unapaka Keja Grey? Cheki Sakafu Kwanza

Manze, grey si moja. Kuna grey baridi, yenye bluu ndani, na kuna grey ya joto, yenye kahawia kidogo. Kutofautisha ni rahisi: weka kadi ya rangi juu ya karatasi nyeupe, itajianika yenyewe.

Sasa kama keja yako iko Migori ama Homa Bay na sakafu ni ile simiti nyekundu ya kupigwa polish, grey baridi itakuangusha. Kando ya nyekundu inageuka bluu ya zahanati. Ya joto inaskizana nayo, na hata vumbi la murram halijionyeshi haraka.

Halafu taa. Balbu nyeupe kali, zile zimeandikwa 6500K, zinaua joto yote uliyolipia. Tafuta 3000K. Na jua je? Dirisha la magharibi saa kumi jioni linamwaga dhahabu ukutani. La mashariki lishalala. Kwa hivyo paka kipande cha katoni mara mbili, ukisimamishe ukutani siku nzima, mpaka usiku. Rangi ikishachanganywa hadiwea hawairudishi, na ndoo ya lita 20 si doh ya kuchezea, buda.

Dari weka krimu, achana na nyeupe ya karatasi. Mlango wa mbao usiuguze. Kiti, mastadi ama kijani iliyoiva.

Wa karibu na ziwa, chukua silk, si matt. Wale wadudu wa ziwa hufuata taa usiku, na kwa matt ukifuta alama zao unabaki na madoa.