Ukoo Mmoja na Elimu ya Saratani ya Kurithi

Katika mwaka 1895, mjini Ann Arbor, jimbo la Michigan nchini Marekani, mwanamke mmoja mshonaji wa nguo alimwambia tabibu Aldred Warthin neno ambalo wengi wa zama zile wangalilipuuza: kwamba yeye atakufa mapema, kwa kuwa jamaa zake wengi walikwisha kufa kwa saratani ya matumbo au ya viungo vya uzazi. Warthin aliandika nasaba ya ukoo ule, tawi kwa tawi, akaitangaza mwaka 1913. Na mshonaji yule, kama alivyohofu, alifariki kwa saratani ya mfuko wa uzazi kabla ya uzee. Baadaye Henry Lynch wa Omaha aliishika kazi ile, na hali hiyo ya kurithiwa leo huitwa kwa jina lake. Jeni ya MSH2 ilipogunduliwa mwaka 1993, njia ilifunguka, na hatimaye kasoro yake ilionekana katika damu ya vizazi vya ukoo uleule.

Kila seli igawanyikapo hunakili maandishi yote ya urithi, na MSH2 ni miongoni mwa jeni zifanyazo kazi ya msahihishaji apitiaye nakala na kufuta makosa ya mwandishi. Msahihishaji akikosekana, makosa hulimbikizana, na baadhi yake huzaa saratani. Mzazi mwenye kasoro hiyo, awe baba au mama, aweza kumrithisha kila mtoto kwa bahati ya nusu kwa nusu. Lakini kinachorithiwa ni hatari iliyozidi, wala si saratani yenyewe.

Elimu hii yote ilitoka kwa watu waliokubali kwa hiari kutoa damu na kusema habari za jamaa zao: nani aliugua, kwa maradhi gani, akiwa na umri gani. Katika utafiti ulioongozwa na John Burn wa Newcastle, Uingereza, watu 861 wenye urithi huo waligawanywa kwa kura: 427 walipewa aspirini miligramu 600 kila siku, na 434 wakapewa vidonge visivyo na dawa, pasipo yeyote kujua amepata vipi. Walifuatiliwa kwa wastani wa miaka kumi, ikabainika kuwa saratani ya utumbo mpana iliwapata 40 katika wale wa kwanza na 58 katika wale wa pili. Hao 434 hawakupata faida ya dawa, lakini bila wao ushahidi usingalipatikana. (Msomaji asianze kumeza aspirini kwa habari hii, kwani dawa hiyo yaweza kuleta kutoka damu tumboni, na shauri ni la daktari.)

Basi anayeombwa kushiriki na ajue kwamba anatoa hiba ambayo matunda yake huenda yakaliwa na wengine, na kwa sababu hiyo ana haki ya kuuliza kabla ya kutia sahihi. Je, nitaambiwa majibu yangu, na nani atanishauri nikiyapokea? Damu yangu itahifadhiwa wapi, na kwa muda gani? Nikighairi, naweza kujitoa bila kunyimwa matibabu? Na ndugu zangu, ambao siri yangu ni siri yao pia, nani atawaarifu?

Kwetu Waafrika lipo jambo moja zaidi. Hazina za jeni duniani zimejaa habari za watu wenye asili ya Ulaya, hata Mwafrika apimwapo, mara nyingi zaidi kuliko wao, huambiwa kuwa badiliko limeonekana lakini maana yake haijajulikana. Mushkeli huo hauwezi kuondolewa isipokuwa kwa ushiriki wetu wenyewe. Kwa hiyo nawasihi wasomaji: ulizeni wazee wenu habari za maradhi ya ukoo, ziandikeni, na siku mtakapoitwa katika utafiti wenye idhini ya kamati ya maadili, sikilizeni kwanza, ulizeni, kisha amueni kwa hiari yenu.