Nywele za Kinena na Nta ya Saluni: Sunna Isitekelezwe kwa Haramu

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.).

Katika mitaa yetu ya Magomeni, Sinza, Tandika na Mbagala, si jambo geni siku hizi bibi harusi kupelekwa saluni kabla ya ndoa, akaondolewa nywele za kinena kwa nta, maarufu kwa jina la waksi. Wanaompeleka husema: "Hii ni sunna." Basi tutenganishe kilicho sunna na kisichokuwa sunna.

Kuondoa nywele hizo ni katika mambo matano ya fitra, kama alivyopokea Abu Huraira (R.A.) katika Bukhari na Muslim. Anas bin Malik (R.A.) naye amepokea, katika Muslim, kuwa zisiachwe zaidi ya masiku 40. Ama njia, Imam Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria, sawa na 1277) ameona kunyoa ndio bora, na akajuzisha kung'oa, kupunguza na kutumia nura, yaani dawa ya chokaa. Nta ni namna ya kung'oa, kwa hiyo yenyewe haina ubaya.

Tatizo ni mikono na macho ya mwingine. Katika Hadithi ya Abu Said al-Khudri (R.A.), iliyo katika Muslim, Mtume (S.A.W.) amekataza mwanamke kutazama uchi wa mwanamke mwenziwe. Mpaka wake ni baina ya kitovu na magoti. Kwa hiyo hoja ya kuwa "sote ni wanawake" haisimami, awe mhudumu wa saluni, somo au mama mzazi. Katika al-Majmu', Nawawi anasema mtu ajiondoshee mwenyewe, na ni haramu kumwachia mwingine. Mume na mke wanaruhusiwa kusaidiana, ingawa ni makuruhu. Mgonjwa au mlemavu asiyejiweza husaidiwa kwa dharura, kwa kadiri ya haja tu.

Anayetumia nta nyumbani azingatie haya. Aijaribu joto kwanza mkononi, kwani ngozi ya hapo huungua upesi. Asipake penye kidonda au upele. Kijiti kilichogusa ngozi kisirudishwe chomboni. Mwenye kisukari amuulize daktari kwanza. Baada ya kung'oa, avae nguo isiyobana. Akiona usaha au homa, aende hospitali. Ikiwa nta inamdhuru, aiache atumie wembe safi, kwani madhara huondoshwa.

Kuondoa nywele hakutengui udhu, lakini kugusa tupu kwa kiganja bila kizuizi hutengua katika madhehebu ya Shafi.

Enyi wazazi na makungwi, mfundisheni binti kujitahirisha mwenyewe kabla ya siku ya harusi. Sunna haimlazimishi kuvua stara yake mbele ya mtu.

Wallahu a'lam.