Salama si pa kupita tu: jinsi ya kutembelea mashamba ya Makueni na kulipa vizuri kwa simu

Watu wengi wanaijua Salama kupitia dirisha la basi. Unatoka Nairobi, unapita Mlolongo, Athi River, Kyumvi na Malili, halafu unaona maduka pande zote mbili za barabara, malori yameegeshwa, nyama inachomwa, wauza matunda wanakimbilia madirisha. Dakika chache, mmepita. Mbele ni Kima, Sultan Hamud na Emali, na mawazo yako tayari yako Mombasa.

Sisi tulishuka. Wateja wetu hutuuliza swali moja kila likizo inapokaribia: "Nikienda mashambani nibebe pesa taslimu, ama simu inatosha?" Badala ya kujibu tukiwa ofisini, tuliamua kwenda mahali penyewe, tukae siku tatu na tulipe karibu kila kitu kwa simu. Salama ilitufaa. Iko kaunti ya Makueni, chini ya kilomita 100 kutoka Nairobi, na ukiacha barabara kuu kidogo tu unaingia kwenye mashamba ya watu ambao maisha yao yanategemea mvua.

Unachokuja kuona

Shika barabara ya udongo kuelekea vilimani na kelele za malori zinakatika. Unabaki na kengele za mbuzi, jogoo, na mtu anayekata kuni mbali. Usitarajie geti lenye bango wala mtu wa kukutembeza na karatasi mkononi. Uzuri wa huku ni shamba lenyewe: mahindi, kunde, ndengu, mbaazi, miembe na michungwa, vyote vikiwa vimepandwa kwa mpango.

Angalia hasa matuta yanayokata miteremko. Ukambani yanaitwa fanya juu, na jina linaeleza kazi yenyewe: unachimba mtaro, udongo unaurusha upande wa juu, unakuwa ukingo. Mvua ikinyesha maji hayakimbii na udongo, yanasimama na kunywewa na shamba. Njia hii imejulikana sana kiasi kwamba wataalamu wa udongo nje ya Afrika Mashariki huiita kwa jina hilohilo la Kiswahili.

Mwaka 1994 watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha kitabu kuhusu eneo la Machakos, ambalo Makueni ilikuwa sehemu yake mpaka 1992. Walionyesha kwamba kuanzia miaka ya 1930 hadi 1990 idadi ya watu iliongezeka zaidi ya mara tano, na bado ardhi ikawa katika hali nzuri kuliko zamani. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanywa kwa jembe na kwa mwethya, yaani vikundi vya majirani wanaosaidiana shamba kwa shamba. Kwa hivyo ukipiga picha ya mteremko mzuri, jua kuna watu waliochimba.

Kitu kingine ni mito. Kiangazi utaona mto wa mchanga mtupu na utadhani umekufa. Lakini watu wanachimba mchangani na kupata maji. Sehemu nyingi za Ukambani wakulima wamejenga kuta ngumu kukata mito ya msimu. Mafuriko yanajaza mchanga nyuma ya ukuta, na maji yanakaa ndani ya mchanga huo bila kukaushwa na jua. Ukibahatika kuoneshwa ukuta kama huo, uliza ulijengwa vipi. Wazee wanapenda kueleza.

Uende lini

Mvua ya kutegemewa zaidi huku ni ya Oktoba hadi Desemba. Ukifika Novemba ama Desemba utakuta kijani kibichi na watu wakiwa kazini, kwa hivyo usishangae mwenyeji akikuachia jembe. Ndengu huvunwa baada ya mvua hizo kuisha, na msimu mkubwa wa maembe unaendelea hadi karibu Machi. Makueni ni moja ya kaunti zinazojulikana sana kwa maembe, na serikali ya kaunti ina kiwanda cha kusindika matunda huko Kalamba kilichoanza kazi 2017. Ukikuja Agosti au Septemba utaona upande mwingine: vumbi, miti isiyo na majani, na watu wakihesabu siku.

Chakula usikose muthokoi, mahindi yaliyotwangwa kwenye kinu mpaka maganda yakatoka, kisha yakapikwa na maharagwe au mbaazi. Na jifunze maneno matatu kabla hujaingia boma la mtu. "Wĩ mũseo?" ni kumjulia mtu hali. "Nĩ mũvea" ni asante. Mama aliyekuzidi umri mwite "mwaitu". Kiswahili kinaeleweka kila mahali, lakini ukianza na hayo maneno, mazungumzo yanachukua njia nyingine.

Basi simu inatosha?

Kwa sehemu kubwa, ndiyo. Nyumba ya wageni tulilipa kwa simu, bodaboda kwa simu, chakula kwa simu. Hata laini ya mkulima ikiwa ya kampuni tofauti na yako si shida: tangu 2018 Wakenya wanaweza kutumiana pesa moja kwa moja kutoka mtandao mmoja hadi mwingine.

Lakini kuna mambo mawili ambayo mtu wa mjini huwa hayafikirii.

La kwanza ni wakala. Wakala ana mafungu mawili: pesa taslimu kwenye droo na floti, yaani salio lake la simu. Mtu akitoa pesa, droo inapungua na floti inaongezeka. Mtu akiweka, inakuwa kinyume. Siku ya soko, au wakati wa mavuno, wengi wanataka kutoa. Saa kumi jioni droo inaweza kuwa tupu ingawa floti imejaa. Kwa hivyo ukihitaji noti, toa asubuhi ukiwa barabara kuu, kabla ya kupanda vilimani. Na usitoe kikubwa. Wakala mdogo akikupa wewe elfu kumi, kuna wanakijiji kadhaa watakaoambiwa "rudi kesho."

Umuhimu wa hawa mawakala si jambo la kubahatisha. Mwaka 2016 wachumi Tavneet Suri na William Jack walichapisha utafiti katika jarida la Science wakilinganisha maeneo ya Kenya kulingana na jinsi mawakala walivyoongezeka karibu na watu. Walikadiria kwamba pesa za simu zilikuwa zimezitoa kaya 194,000 kwenye umaskini, karibu asilimia 2 ya kaya zote nchini. Kile kibanda kidogo unachokiona njia panda kinabeba mengi.

La pili ni mtandao. Ukiwa barabara kuu uko sawa. Ukishuka bondeni, alama zinabaki moja, halafu hakuna. Hapo ndipo tulipojifunza jambo ambalo tungependa ulibebe kutoka kwa makala haya.

Malipo huisha simu ya mkulima ikipokea

Siku ya pili tulienda kununua ndengu kwa mama mmoja mwenye shamba la matuta safi sana. Alitupimia kilo kumi. Tukalipa, ujumbe ukaingia kwetu: pesa zimetumwa. Tukainua mfuko. Akatuambia kwa upole, "Ngojeni kidogo, watoto wangu. Twende pale juu."

Pale juu ni jiwe kubwa kwenye ukingo wa shamba, mwendo wa kama dakika kumi, mahali pekee simu yake ya kabambe inashika mtandao. Tulipokuwa tukipanda alitueleza. Msimu mmoja mnunuzi alikuja na pikapu, akapakia magunia mawili ya ndengu, kilo 90 kila moja. Akasema ametuma pesa, na kweli simu ya mama ikalia. Ujumbe ulikuwa na jina, kiasi, kila kitu. Mnunuzi akaondoka. Jioni mama alienda kutoa pesa ili alipe karo ya muhula, wakala akamwambia salio lake ni shilingi arobaini. Ujumbe ulikuwa wa uongo, umeandikwa na mtu na kutumwa kutoka nambari ya kawaida. Mavuno ya msimu yakaenda hivyo. Kijana wake alikaa nyumbani wiki tatu mpaka mbuzi wawili wakauzwa.

Ndiyo maana siku hizi hakuna gunia linalotoka kwake kabla hajaangalia salio. Si ujumbe. Salio.

Na yuko sahihi kabisa. Ukituma pesa, zinahama kwenye akaunti papo hapo, lakini ujumbe wa mpokeaji husubiri mpaka simu yake ishike mtandao. Kwa hivyo pesa zinaweza kuwa zimefika na ujumbe bado. Na kinyume chake, mtu yeyote anaweza kuandika ujumbe unaofanana na wa kweli, lakini hawezi kubadilisha salio lako kwa kuandika. Salio ndilo halidanganyi.

Tulifika kwenye jiwe, simu ikalia, akabonyeza menyu, akasoma salio kwa sauti, akacheka. Ndipo mfuko ukawa wetu.

Wewe kama mgeni unaweza kuona hiyo dakika kumi ni usumbufu. Umelipa, una ushahidi kwa simu yako, kwa nini ungoje? Ngoja. Kwako hiyo ni hela ya zawadi za kupelekea marafiki. Kwake ni mbegu za msimu ujao. Na kila mgeni anayengoja bila kununa anamrahisishia mkulima kumkatalia tapeli atakayekuja kesho na haraka zake.

Mambo ya kufanya ukienda

1. *Uliza "nambari ni ya nani?"* Wazee wengi hutumia laini ya mtoto au mjukuu. Hakuna ubaya. Lakini kabla ya kukamilisha malipo, soma kwa sauti jina linalotokea na umngoje mwenye shamba aseme ndiyo.

2. *Mlipe mkulima mwenyewe.* Ukiambiwa na aliyekuleta "nitumie mimi, nitampatia," mlipe kazi yake ya kukuleta, na pesa za mazao zitume kwa mwenye mazao.

3. *Muamala ukikwama, usirudie haraka.* Mtandao dhaifu huchelewesha majibu. Angalia salio lako kwanza. Ukituma mara mbili kwa pupa, unaweza kujikuta umelipa mara mbili.

4. *Usitegemee bando.* Menyu ya kupiga kwa alama ya nyota na reli haihitaji intaneti. Ijue kabla ya safari, na uende na simu iliyojaa chaji.

5. *Beba noti ndogo kidogo.* Noti za 50 na 100 chache zitakusaidia pale ambapo hakuna mtandao kabisa.

6. *Usitume pesa zote za malazi kwa mtu uliyeona picha zake tu.* Piga simu, ongea naye, uliza jirani au mtu wa eneo hilo. Kama lazima utume ya kushikilia nafasi, iwe kidogo, na jina lilingane na la uliyeongea naye.

7. *Ukipigiwa na mtu akisema "nimekutumia kwa makosa, nirudishie," angalia salio.* Hata kama pesa zimeingia kweli, usimtumie wewe. Mwambie aombe zirudishwe kupitia huduma kwa wateja ya mtandao wake.

8. *Nambari ya siri haina msaidizi.* Ukikwama kwa wakala, bonyeza mwenyewe. Wakala halali atakuomba kitambulisho, hatakuomba nambari ya siri.

Na kama wewe ndiye mwenye shamba na unasoma haya, chukua namba moja tu kutoka kwa yule mama: mnunuzi mwenye haraka na asubiri. Piga menyu, ona salio, ndipo ufungue geti. Kama huoni vizuri au husomi, mtafute mtu unayemwamini wa kukusomea, lakini asiwe yule anayenunua.

Tulirudi Nairobi na kilo kumi za ndengu, maembe kadhaa, na viatu vyekundu kwa vumbi. Pesa taslimu tulizotumia kwa siku tatu hazikufika shilingi mia tano. Likizo ijayo ukiwa kwenye basi na ukaona malori yamejipanga na moshi wa nyama, mwambie kondakta akushukishe. Ila kabla hujatoka nyumbani, chaji simu.