Kutoka Colito hadi Lugalo: Mrisho Sarakikya na Mageuzi ya Jeshi la Tanzania

Mageuzi ya jeshi huzungumzwa sana baada ya vita. Makala haya yanachunguza mageuzi yaliyofanyika wakati wa amani, nchini Tanzania, pamoja na afisa aliyekabidhiwa kazi hiyo.

Tanganyika ilipojitawala mwaka 1961, vikosi vya King's African Rifles vilivyokuwa nchini vilibadilishwa jina vikaitwa Tanganyika Rifles. Maafisa wakuu walibaki Waingereza. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa kambi ya Colito, Dar es Salaam, waliasi wakidai mishahara bora na maafisa Waafrika. Kesho yake kikosi cha Tabora kikafuata. Serikali ilibidi kuomba msaada, na tarehe 25 Januari wanajeshi wa Uingereza wakazima maasi hayo. Msomaji wa Kongo ataikumbuka Force Publique, iliyoasi Julai 1960: huko nako bendera ilibadilika, kambi isibadilike.

Rais Nyerere hakuridhika na kuwaadhibu waasi tu. Jeshi la zamani lilivunjwa, na jipya likaundwa tarehe 1 Septemba 1964. Aliyeteuliwa kuliongoza ni Mrisho Sarakikya, mzaliwa wa Meru, aliyesomea uafisa Sandhurst, naye alikuwa na umri wa miaka 30 hivi. Askari wapya walitafutwa miongoni mwa vijana wa TANU na wa Jeshi la Kujenga Taifa, nao waliruhusiwa kuwa wanachama wa TANU, jambo ambalo wakoloni wasingalilikubali.

Mageuzi hayo yalionekana hata katika lugha. Jeshi liliitwa Jeshi la Wananchi. Neno «mwananchi» limeundwa na «mwana» na «nchi». Kwa hiyo askari hakutajwa tena kama mtumishi wa bwana, bali kama mtoto wa nchi kati ya ndugu zake. Kambi nayo ilipata jina jingine. Colito lilikuwa jina la pigano la Vita Kuu ya Pili huko Ethiopia. Lugalo ni mahali ambapo Wahehe wa Mkwawa waliwashinda Wajerumani tarehe 17 Agosti 1891. Kumbukumbu ya dola ikaachia nafasi kumbukumbu ya wenyeji.

Hata hivyo, jina peke yake halijengi jeshi. Jambo lenye uzito ni kwamba mwaka 1974 Sarakikya alimkabidhi Abdallah Twalipo madaraka kwa amani, akaendelea kulitumikia taifa kama waziri, kisha balozi. Utii kwa raia ulikuwa umeota mizizi.

Mageuzi hayo yalikuwa na gharama yake: jeshi lilifungamana na chama kimoja. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, ilibidi askari watoke katika chama. Ndipo lilipojitokeza swali ambalo lilikuwa limefichika ndani ya jina lenyewe: je, mwananchi ni mwanachama, au ni kila mtu wa nchi? Jeshi linaloitwa la wananchi halina budi kulijibu kwa matendo, nasi pia katika nchi yetu.