Chumvi Haiivi

Mtu anapimwa presha, inasoma 160 kwa 100, anaulizwa anatumia chumvi kiasi gani, na jibu linatoka kabla swali halijakamilika: "Chumvi mbichi siigusi kabisa, daktari. Natumia ya kupikwa tu." Wengine wamekwenda mbali zaidi. Huimwaga chumvi kwenye kikaango kikavu, wakaikoroga juu ya moto mpaka ipasukepasuke na kuanza kugeuka rangi, wakaiweka kwenye kopo lake, kisha wakainyunyiza kwenye mayai na wali bila hofu yoyote kwa sababu sasa "imeiva". Halafu linafuata swali lenyewe, lilelile kila wiki: mbona chumvi mbichi nimeacha na presha haishuki?

Nimeulizwa na wakulima, makondakta na mahakimu. Nimeulizwa na mwalimu wa kemia, jambo lililonikatisha tamaa kuliko presha yake. Kwa hiyo leo sielezi presha ni nini wala moyo unasukumaje damu. Hayo mnayajua, na bango la ukutani pale kliniki linayaeleza vizuri. Leo ni chumvi mbichi tu, na nikimaliza nisiulizwe tena.

Chumvi haiivi. Kiazi huiva na nyama huiva kwa sababu moto huvunja wanga na protini zake na kuzifanya kitu kingine. Chumvi ni sodiamu na kloridi zilizoshikana, basi. Humo hakuna cha kuiva. Ili iyeyuke kwa moto inahitaji nyuzi 801 za Selisiasi. Mchuzi unaotokota uko kwenye nyuzi 100 hivi, na mafuta ya kukaangia chipsi hayapiti sana 180. Hata ungekuwa na tanuri la kufikisha hizo 801, ikipoa ungekuta chumvi ileile. Sodiamu iliyomo kwenye chumvi haiungui, haichachuki, haitoki na mvuke. Kinachotoka kwenye sufuria ni maji, na kila mpishi ana ushahidi huo jikoni kwake. Mchuzi ukiusahau motoni ukakaukia, chumvi inazidi. Ingekuwa moto unaimaliza, ingepungua.

Ndani ya chungu chumvi huyeyuka majini, chembe za sodiamu zikaachana na za kloridi. Ile uliyonyunyiza juu ya yai inafanya hivyohivyo, ila kwenye mate na tumboni. Zikifika utumbo mwembamba, hakuna awezaye kujua ipi ilipita jikoni na ipi ilitoka kwenye kopo la mezani. Figo zinapoletewa sodiamu nyingi kuliko zinavyoweza kuitoa kwa wakati, mwili unabakiza maji ya kuizimua, ujazo wa damu unaongezeka, na mishipa inabeba mzigo. Tukitaka kujua kwa hakika mtu anakula chumvi kiasi gani tunakusanya mkojo wake wa saa 24, kwa kuwa takriban sehemu tisa kati ya kumi za sodiamu anayokula hutokea huko. Mashine inatoa namba moja. Haina safu ya mbichi na safu ya kupikwa.

Na hiyo mbichi ni ipi hasa? Kule Uvinza, mkoani Kigoma, kuna chemchemi za maji ya chumvi ambazo maji yake watu waliyachemsha kwenye vyungu ili kupata chumvi kwa zaidi ya miaka elfu moja. Chumvi ya namna hiyo imekaa motoni kutwa kabla haijaonwa na mlaji. Ya pwani, kama ile ya Bagamoyo, hukaushwa kwa jua. Ingekuwa kuiva kuna maana yoyote, watu wa Kigoma wangekuwa na ruhusa ya kula watakavyo, na watu wa Bagamoyo wangekuwa wameisha.

Tuje kwenye kukaanga, kwa sababu hapa kuna hasara ya kweli. Ule mlio wa kupasuka ni unyevu ulionaswa ndani ya punje unaotafuta njia ya kutoka. Ile rangi ni uchafu mdogomdogo unaoungua, pamoja na kilichobaki kwenye kikaango tangu jana. Sodiamu haijapungua hata chembe. Kinachoweza kupungua ni madini joto, ambayo serikali zetu zinadai yaongezwe kwenye chumvi ili watu wasipate rovu na watoto wasizaliwe na akili iliyodumaa. Yaani unasimama jikoni, unachoma mkaa bure, unapunguza kitu kimoja chenye faida kilichomo kwenye ile pakiti, na kile unachokikimbia unakiacha chote. Kisha, kwa kuwa umejiridhisha kwamba imeiva, unainyunyiza kwa mkono mzito kuliko zamani. Nimeona mgonjwa ambaye kopo lake la chumvi ya kukaanga lilisafiri naye mpaka harusini.

Asiyeamini kemia na aangalie majaribio. Mwaka 2001 watafiti wa Marekani walichapisha jaribio la DASH-Sodium, lenye washiriki 412. Chakula chote walitayarishiwa na watafiti, kwa viwango vitatu vya sodiamu, kila kiwango kwa siku 30. Kila sodiamu iliposhushwa, presha ilishuka. Kwa waliokula chakula cha kawaida cha Kimarekani, kutoka kiwango cha juu hadi cha chini kabisa, ile namba ya juu ya presha ilipungua kwa karibu 7. Chumvi iliyokuwa ikipimwa pale ni ile iliyomo ndani ya chakula. Kama chumvi ya ndani ya chakula ingekuwa haina neno, jaribio lile lisingeonyesha kitu.

Imani hii ya chumvi mbichi nadhani ilizaliwa kliniki, na si vizuri kuwasingizia mabibi. Mhudumu ana wagonjwa arobaini kwenye benchi na dakika tatu kwa kila mmoja. Badala ya kusema "punguza chumvi yote, na pa kuanzia rahisi ni ile unayoongeza mezani", anasema "usile chumvi mbichi". Mgonjwa anasikia kwamba ziko mbili, moja sumu na moja salama. Anakwenda nyumbani, anaondoa kopo mezani, na anamwambia mkewe aongeze kidogo kwenye mboga kwa sababu sasa hamna ya kuongezea. Amehamisha chumvi kutoka mezani hadi jikoni, na sasa anailisha familia nzima.

Wasomaji wenye intaneti wamekuwa wakinitumia utafiti wa mwaka 2022, uliofuatilia watu zaidi ya laki tano wa Uingereza, ambao ulikuta kwamba wanaoongeza chumvi mezani kila mara walikuwa na hatari kubwa zaidi ya kufa mapema. Wanadhani wamenishika. Swali waliloulizwa watu wale lilihusu mazoea ya kuongeza chumvi kwenye chakula kilichokwisha kupikwa. Anayeongeza kila mara, hata kabla hajaonja, ni mtu ambaye ulimi wake umezoea chumvi nyingi kila mahali. Utafiti umemtambua mpenda chumvi. Haukugundua aina mpya ya chumvi.

Tena niwaambie jambo litakalowaudhi wenye makopo na wasio nayo. Punje ya chumvi iliyo juu ya chakula hugusa ulimi moja kwa moja, hivyo kidogo tu kinasikika. Iliyozama kwenye mchuzi inabidi iwe nyingi ndipo isikike. Jaribio dogo la Marekani la mwaka 1987 liliwapa watu chakula kilichopunguzwa chumvi sana, likawaachia kichupa cha mezani wajinyunyizie watakavyo. Walirudisha chini ya asilimia 20 ya sodiamu iliyoondolewa. Maana yake, nyumba inayopika karibu bila chumvi na kila mtu akajitonea kidogo kwenye sahani yake yaweza kula sodiamu kidogo kuliko nyumba iliyopiga marufuku "mbichi" na kumimina kijiko na nusu kwenye sufuria. Simwambii mtu arudishe kopo mezani. Nasema hesabu inafanywa kwa gramu.

Gramu zenyewe ni hizi. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asizidi gramu 5 za chumvi kwa siku, sawa na gramu 2 za sodiamu, yaani kama kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, kwa vyote: chai ya asubuhi na kitafunwa chake, mboga, nyama, na vile vya njiani usivyovihesabu. Wastani wa dunia ni zaidi ya mara mbili ya hapo.

Hivyo vya njiani ndivyo vinavyotuumiza. Mwaka 1990 jarida la BMJ la Uingereza lilichapisha utafiti wa Wajaluo waliohama vijiji vya magharibi mwa Kenya kwenda Nairobi, wakilinganishwa na wenzao waliobaki kijijini. Presha za waliohama zilianza kupanda katika miezi ya mwanzo tu ya kufika mjini, na mkojo wao ulikuwa na sodiamu nyingi zaidi kwa kulinganisha na potasiamu. Hawakuwa wamejifunza kulamba chumvi. Walikuwa wamebadilisha chakula.

Leo chakula hicho kimezidi kubadilika. Vile vidonge vya mraba vya kuungia mchuzi, karibu nusu ya uzito wake ni chumvi, na kuna nyumba zinazotia chumvi kwanza na vidonge viwili juu yake. Vipande viwili vya mkate hukaribia gramu moja. Tambi za pakiti, soseji, krispi, ng'onda, sosi ya kwenye chipsi: ongeza mwenyewe.

Kisha kuna magadi, ambayo hakuna mgonjwa aliyewahi kunitajia bila kuulizwa. Maharage yaive upesi, mlenda uteleze, makande yalainike, tia magadi. Kwa kuwa hayana ladha ya chumvi, mtu haoni sababu ya kuyahesabu. Lakini magadi, yale ya Ziwa Magadi na Ziwa Natron, ni chumvichumvi za sodiamu: gramu 5 za magadi safi zina sodiamu kama gramu moja na nusu, kiasi ambacho ungekipata kwenye karibu gramu 4 za chumvi. Baking poda na baking soda ni ndugu zake. Ni kweli wapo watafiti walioonyesha kwamba sodiamu isiyoambatana na kloridi hupandisha presha kidogo kuliko ile ya chumvi. Hata hivyo kikomo cha gramu 2 kinahesabu sodiamu yote, na magadi ya kuchimbwa mara nyingi huja yamechanganyika na chumvi ya kawaida. Maharage yaloweke usiku kucha, mwaga yale maji, pika kwa maji mapya. Yataiva.

Sasa la kufanya, haraka. Andika tarehe kwenye pakiti ya chumvi siku unapoifungua: nusu kilo kwa watu watano ikiisha ndani ya siku 20, kila mmoja ameshakula gramu zake 5 kila siku kabla ya mkate na vidonge vya mchuzi. Punguza kipimo cha sufuria kidogokidogo kila wiki. Ulimi huzoea ndani ya wiki kadhaa, na baadaye chakula cha zamani utakiona kikali. Chumvi itie mwishoni, mchuzi ukishapungua. Chagua moja, kidonge cha mchuzi au chumvi. Ndimu, tangawizi, kitunguu saumu na pilipili vitumie bila woga, kwa ladha. Vidonge vyako vya presha vinabaki palepale. Kula mchicha, maharage, viazi vitamu, ndizi na parachichi kwa ajili ya potasiamu. Ipo pia chumvi ambayo sehemu yake ni kloridi ya potasiamu: kule China, katika vijiji 600, chumvi yenye robo ya potasiamu ilipunguza kiharusi kwa asilimia 14, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021. Lakini mwenye ugonjwa wa figo, au anayetumia losartani, enalaprili au spironolaktoni, asiiguse chumvi hiyo wala asianze kujijaza vyakula vya potasiamu kabla ya kupimwa damu na kuongea na daktari wake; potasiamu ikizidi inaweza kusimamisha moyo. Wajawazito na watoto nao waiache. Diklofenaki na ibuprofeni mnazonunua dukani kwa maumivu ya mgongo hubakiza sodiamu mwilini na kupandisha presha, basi zitajeni mnapoulizwa dawa mnazotumia. Na presha ikishuka, dawa usiache. Imeshuka kwa sababu yake.

Kabla hamjauliza ile ya pinki: inachimbwa Khewra, Pakistani, rangi yake ni chembe za chuma, na karibu yote ni chumvi kama ya duka la mtaani. Mara nyingi haina madini joto. Bei ya pakiti yake ingekununulia ndimu za wiki kadhaa.