Injini ya 1,300 Ifikapo Gitega

Mwenye Ti ya zamani mjini Gitega hurudiwa na wazo lile lile kila anapokanyaga mafuta mpaka chini na gari likagoma kupanda: nitoe hii 1,300, nifunge 1,600. Ti ni jina ambalo Warundi wameipa Toyota Corolla ya zamani. Ulaya, gari la umri huo lingefunikwa turubai, litolewe Jumapili kupigwa picha. Hapa Jumatatu alfajiri linabeba abiria wanne, gunia la maharagwe na kuku wawili, na linaelekea Muyinga.

Jirani atamwambia asithubutu. Injini kubwa inakunywa, na nani ana mafuta ya kuinywesha? Burundi imeishi na uhaba wa mafuta kwa miaka kadhaa. Wakati bei rasmi ya petroli, au esansi kama wengi wanavyoiita, ilipokuwa faranga 4,000 kwa lita, ile ya bidoni inayouzwa kwa kificho ilipanda mara mbili, mara tatu na zaidi. Uchungu wa Muyinga una ladha yake: malori ya mafuta kutoka Dar es Salaam yanavuka mpaka wa Kobero na kupita Muyinga kwanza, yakielekea ndani ya nchi, huku foleni ya magari makavu ikiyatazama yakipita.

Kwa hiyo jirani hasemi upuuzi. Tatizo ni kwamba yeye na mwenye gari wote wanabishana juu ya cc zilizoandikwa kwenye kitabu, na cc za kitabu hazifiki Gitega zikiwa kamili.

Chanzo ni hewa ya milimani, nacho kilijulikana kabla injini haijabuniwa. Septemba 1648 Mfaransa Florin Périer alipanda mlima Puy de Dôme akiwa na zebaki na mrija wa kioo, kwa ombi la shemeji yake, Blaise Pascal. Kadiri alivyopanda, zebaki ilishuka mrijani, kwani hewa iliyokuwa ikiisukuma ilipungua nguvu. Kilele cha mlima ule kina mita 1,465 juu ya usawa wa bahari. Gitega iko kwenye mita 1,500 hivi. Pale Périer alipofika akihema na vyombo vyake, sisi ndipo tunapojenga nyumba, tunapolima na tunapowasha magari.

Katika kimo hicho, hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa takriban asilimia 14. Injini ya petroli isiyo na tabo huvuta hewa kwa ujazo: pistoni inashuka, silinda inajaa, basi. Silinda ya Gitega inajaa sawasawa na ya Mombasa, lakini ndani yake mna oksijeni kidogo, na oksijeni ikipungua, petroli inayoweza kuungua vizuri nayo inapungua. Injini ya Toyota iitwayo 2E, ambayo Corolla nyingi ndogo za miaka ya 1980 zilikuja nayo, ina cc 1,295. Ikifika Gitega inavuta hewa ya injini ya cc 1,119 iliyoko pwani. Ile 4A anayoitamani mwenye gari ina cc 1,587, na hapa inapumua kama ya 1,371 au pungufu kidogo. Kwa hesabu hiyo mtu anayefunga 4A milimani hajajipa anasa. Amerudishiwa ile 1,300 aliyodhani ameinunua, na nyongeza ya kikombe kidogo cha kahawa.

Sasa mafuta. Mlima wenyewe una bei yake, na bei hiyo haibadiliki kwa sababu ya ukubwa wa injini. Kuinua gari la kilo 1,200 pamoja na mzigo kwa mita 100 kunahitaji nishati ya megajuli 1.2 hivi. Lita moja ya petroli ina megajuli zipatazo 32, ila injini nzuri ya kawaida huifikisha robo tu kwenye magurudumu. Nyingine inatoka na moshi na kupotelea kwenye rejeta. Basi kila mita 100 za kupanda zinakula karibu theluthi moja ya chupa ndogo ya maji. Kutoka Bujumbura ziwani hadi kilele cha Bugarama, njia ya kuja Gitega, ni zaidi ya mita 1,200 za kupanda: lita mbili hivi zinaishia kwenye kuinua chuma na watu peke yake, kabla hujahesabu upepo, matairi na kona. (Wale vijana wa baiskeli wanaong'ang'ania nyuma ya malori kupanda Bugarama, nimewapigia hesabu pia. Kijana mmoja na baiskeli yake anamgharimu mwenye lori chini ya sehemu moja ya kumi ya lita ya dizeli. Hatari ya roho yake ndiyo ghali.)

Barabara ya Gitega hadi Muyinga kupitia Karusi, takriban kilomita mia, haina kilele kimoja kikubwa kama kile. Ina vilima visivyokwisha. Unashuka, unalipa kwa breki. Unapanda, unalipa kwa petroli.

Injini kubwa inakula wapi, kama si mlimani? Inakula pale isipofanya kazi. Ndani ya kabureta kuna kibati kinachozunguka ambacho mafundi wanakiita kipepeo. Ukikanyaga kidogo, kipepeo kinafunguka kidogo, na pistoni zinalazimika kuvuta hewa kwenye upenyo mwembamba, kama mtu anayenyonya uji mzito kwa mrija. Nguvu inayopotea hapo ni mafuta yaliyochomwa bure. Injini ya 1,600 ikizunguka taratibu katikati ya mji, kipepeo kikiwa kimefungwa karibu chote, inapoteza zaidi kuliko ya 1,300 inayofanya kazi ile ile. Ikiachwa inaunguruma mbele ya duka, vivyo hivyo.

Mlimani mambo yanageuka. Injini ndogo iliyokanyagwa mpaka mwisho kwenye gia ya pili inazunguka kwa kasi kubwa, na msuguano wa ndani unakua haraka kadiri mizunguko inavyoongezeka. Zaidi ya hapo, kabureta nyingi zina njia ya ziada inayomwaga petroli ya nyongeza kipepeo kikifunguka chote, ili injini isipate joto la kupindukia. Dereva wa 1,300 anayepanda kutoka bonde la mto Ruvubu akiwa amebana pedali anaishi kwenye njia hiyo ya ziada. Mwenzake wa 1,600 anapanda kwa gia ya tatu, mguu ukiwa nusu. Kwenye kipande hicho sitashangaa wakimaliza sawa, mradi wa pili asiufurahie mno mguu wake, na mradi fundi amebadilisha na difu. Ukifunga injini kubwa ukaacha difu fupi ya injini ndogo, umenunua mizunguko mingi usiyoihitaji, na hapo jirani atakucheka kwa haki.

Lakini kuna kitu kinachonisumbua zaidi ya cc. Kabureta haijui kwamba imepanda mlima. Tundu lake la kupitishia petroli, yaani jeti, lililopimwa kiwandani kwa hewa ya pwani, linapunguza petroli kidogo tu, si kwa kiasi ambacho hewa imepungua. Mchanganyiko unakuwa mzito kupita kiasi kwa asilimia 7 hivi. Mwenye Ti analipia petroli ambayo haipati hewa ya kuunguzwa, halafu anailaumu injini kwa kuwa ndogo.

Hapa ndipo 4A inapojigawa. Ile iitwayo 4A-F ina kabureta, na inakuja na kasoro ile ile. Dada yake, 4A-FE, inanyunyizia petroli kwa kipimo cha kompyuta, na ile yenye kihisi cha oksijeni kwenye ekzosi inajirekebisha yenyewe ikiwa Gitega, Muyinga au Tanga. Kama ni lazima injini ibadilishwe, faida ya kweli iko kwenye herufi E kuliko kwenye cc 300 za ziada. Ila nayo inataka pampu ya umeme, bomba la kurudisha mafuta tangini, nyaya zake zote na kompyuta yake, na inachukia uchafu. Petroli ya bidoni iliyokaa kwenye dumu la mafuta ya mawese itaziba sindano zake, na sindano huwezi kuzipuliza kwa mdomo kando ya barabara kama unavyopuliza jeti ya kabureta. Katika nchi yenye pampu kavu, mimi hilo naliona zito.

Tuseme injini kubwa imeongeza lita moja kwa kila kilomita 100, na gari linakwenda kilomita 400 kwa wiki. Hizo ni lita 200 hivi kwa mwaka: faranga 800,000 kwa bei rasmi ya 4,000, na milioni 2.4 ikiwa bidoni ni 12,000. Hata hivyo, mwenye gari wa siku za uhaba hahesabu faranga kwanza. Anahesabu safari. Tangi la lita 50, kwa lita 8 kila kilomita 100, linampeleka Muyinga na kumrudisha mara tatu. Kwa lita 10, nyongeza ikifika lita mbili, ni mara mbili na nusu, na ile nusu inamwacha Muyinga, akitazama malori yakipita.

Mimi ningeanza na jeti. Inagharimu kidogo mno ikilinganishwa na injini nzima, na kazi yake ni ya asubuhi moja. Panda kutoka Ruvubu injini ikiwa moto, zima bila kuiacha iungurume, fungua buji moja utazame ncha yake. Ikiwa na rangi ya kahawia hafifu, kabureta inapima vizuri, na kama gari bado linakushinda mlimani, basi zungumza na fundi wako habari za 4A. Ikiwa nyeusi ya masizi, weka jeti ndogo kidogo, panda tena mlima ule ule, ufungue tena.